Kasi ya Sahani na Hukumu ya Mhakiki

Makala haya yanatokana na kosa langu mwenyewe. Miaka michache kabla ya 2010 nilisimama mbele ya hadhara ndogo ya wapenzi wa ushairi hapa Unguja, nikazungumzia uimbaji wa Siti binti Saad. Nilikuwa na kanda moja, iliyonakiliwa kutoka sahani za santuri katika nyumba moja ya Mji Mkongwe miaka ya 1980, na kwa kanda hiyo nilitoa hukumu tatu. Kwanza, kwamba Siti alikuwa na sauti nyembamba ya juu, iliyokaribia sauti ya mtoto. Pili, kwamba aliimba kwa haraka, hata mizani ya mwisho ya mshororo ikamezwa kabla haijatua. Tatu, kwamba haraka hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro ya uimbaji wa zama zake, na kwamba waliokuja baadaye ndio walioupa ushairi wa taarab nafasi ya kupumua.

Hadhara ilinikubalia. Mzee mmoja tu, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alitikisa kichwa na kusema, "Mwanangu, mimi nilimsikia Siti kwa masikio yangu nikiwa kijana. Huyo si yeye." Nilimjibu kwa adabu, lakini moyoni nilisema kuwa kumbukumbu ya mtu mzima haiwezi kushindana na santuri. Kumbukumbu huchakaa, nilijisemea. Santuri haisemi uongo.

Nataka kueleza katika kurasa hizi jinsi nilivyogundua kuwa santuri inaweza kusema uongo ilhali kila alama iliyochongwa juu yake ni ya kweli. Nataka pia kuuliza suali ambalo wahakiki wa ushairi wa kuimbwa hatujaliuliza vya kutosha: kabla ya kumhukumu mwimbaji aliyekwisha kufariki, tumeihukumu mashine inayotuletea sauti yake?

Miezi ya kiza

Wakaazi wa Unguja hawajasahau miezi ile ya kiza, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo kisiwa kizima kilikosa umeme wa kawaida. Wenye uwezo waliwasha jenereta, wengine wakarudi kwenye taa za mafuta. Katika miezi hiyo nilikuwa nikipita mara kwa mara kwa fundi mmoja wa saa, mtu wa makamo, ambaye kazi yake haikusimama kwa sababu haikuhitaji umeme isipokuwa macho na mwanga wa dirisha. Siku moja nilimkuta amefungua gramafoni. Nilipouliza ni ya nani, akaitaja nyumba ileile ambamo kanda yangu ilinakiliwa. Wenye nyumba walikuwa wameikumbuka gramafoni yao kwa sababu redio zilikuwa kimya.

Nilirudi kesho yake na redio ya kanda yenye betri mpya, nikiwa pamoja na rafiki yangu mpiga udi. Tulicheza kanda, rafiki yangu akakaza uzi mmoja wa udi mpaka ulipolingana na sauti aliyoianzia Siti. Kisha fundi akaiweka sahani yenyewe juu ya gramafoni, mshale wa mwendo ukiwa juu ya namba 78 kama ulivyokutwa. Uzi ule ule, sauti ile ile. Nilifurahi, kwa kudhani kuwa kanda yangu imethibitishwa. Fundi hakusema kitu. Alichana kipande chembamba cha karatasi, akakichomeka chini ya ukingo wa sahani, akaitega saa yake, akaanza kuhesabu kila karatasi ilipopita mbele ya kidole chake. Katika nusu dakika ilipita mara 42.

"Mwalimu," akaniambia, "mshale unasema 78, sahani inasema 84. Wewe umemwamini nani?"

Namna mwendo unavyodhibitiwa

Jibu la suali lake limo ndani ya sanduku, na mhakiki afadhali alijue. Gramafoni ya zamani huendeshwa kwa kamani, yaani utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo. Ukizungusha mpini, utepe hukazika; ukiuachia, hujikunjua na kuyazungusha magurudumu ya meno, nayo yakaizungusha meza ya sahani. Lau mambo yangeishia hapo, sahani ingekimbia mwanzoni wakati kamani imekazwa, kisha ingeendelea kuchoka mpaka mwisho wa wimbo. Kinachozuia hayo ni kidhibiti mwendo: kijiti cha chuma kinachozunguka kwa kasi kubwa, kimezungukwa na vitufe, aghalabu vitatu, vya risasi vilivyoshikwa na springi bapa nyembamba. Kijiti kikiongeza kasi, vitufe hutanuka kwenda nje na kukivuta kisahani kidogo kilichovikwa kwenye kijiti hicho. Kisahani huenda kikagusa kipande cha ngozi, na msuguano huo ndio unaoushika mwendo usizidi.

Ule mkono mdogo wenye namba, unaoonekana juu ya sanduku, hauna kazi nyingine ila kuisogeza ngozi. Ikisogezwa karibu, kisahani huguswa mapema na mwendo hupungua. Ikisogezwa mbali, vitufe hupata nafasi ya kutanuka zaidi kabla ya kuzuiwa, na mwendo huongezeka. Sasa fikiri, msomaji, ngozi hiyo iliyosuguliwa kwa miongo kadhaa. Kila ilipolika kidogo ilikuwa kana kwamba mkono usioonekana unaisogeza mbali. Mwenye nyumba haugusi mshale. Mshale unabaki palepale juu ya 78. Lakini sahani inazunguka 79, kisha 80, kisha 84. Namba iliyoandikwa kiwandani ilikuwa ni ahadi ya siku ile tu mashine ilipotoka kiwandani.

Kuna mengine pia. Grisi iliyokauka ndani ya kopo la kamani huufanya utepe ujikunjue kwa kushtuka, na sauti ikatetema pasipo mwimbaji kutetema. Ngozi iliyokauka bila ya tone la mafuta hulia na kushika kwa vipindi. Springi moja ya kitufe ikikatika, mwendo hupanda na kushuka kwa kila mzunguko wa kijiti. Kamani isiyokazwa upya kwa kila upande wa sahani huishiwa nguvu kabla ya ubeti wa mwisho, na mwimbaji akaonekana kushusha sauti kwa huzuni ambayo hakuwa nayo.

Kupima si kazi ngumu. Njia ya karatasi hamtaki mtu zaidi ya saa na subira: kamani ikazwe kikamilifu, sindano iwe imeshuka juu ya sahani kwa sababu uzito na mkwaruzo wake hupunguza mwendo, kisha kuhesabiwe mizunguko 39 katika nusu dakika, au 78 katika dakika kamili. Njia ya pili ni ya karatasi ya duara yenye mistari. Penye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama wa kwetu, taa huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Karatasi yenye mistari 77 ikizungushwa chini ya taa hiyo, mistari itaonekana kama imesimama pale mwendo unapokuwa karibu mno na 78, yaani 77.92. Ikionekana kusogea mbele kufuata mzunguko, sahani inakwenda kasi mno. Ikirudi nyuma, inachelewa. Lakini taa ya jenereta ndogo ya nyumbani haiaminiki kwa kazi hii, kwani mizunguko ya umeme wake hupanda na kushuka. Ndiyo maana fundi wetu, katika miezi ile ya kiza, alirudi kwenye karatasi na kidole.

Aliifungua ngozi, akakata nyingine kutoka kipande cha mkoba wa zamani, akaitia tone la mafuta, akairudishia parafujo. Akahesabu: 40. Akaikaza kidogo. Akahesabu tena: 39. Ndipo akaishusha sindano.

Sehemu nane katika mia

Mwimbaji aliyeimba baada ya hapo sikuwa nimepata kumsikia. Sauti ilikuwa imeshuka. Rafiki yangu alilazimika kuulegeza uzi wake kwa zaidi ya nusu toni. Ule wembamba niliouita wa kitoto ulikuwa umeondoka, na mahali pake palikuwa na sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu kiasi, yenye uzito kifuani. Siti alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenziwe kutia sauti katika santuri alikuwa anakaribia umri wa miaka hamsini. Nilikuwa nimeisoma tarehe hiyo mara nyingi katika maandishi na sikuwahi kujiuliza kwa nini mwanamke wa umri huo alikuwa na koo la msichana.

Msomaji anaweza kuuliza: kutoka 78 hadi 84 ni ongezeko lisilofika sehemu nane katika mia, je, hilo ni jambo la kuandikiwa makala? Katika mwendo wa mtu njiani si kitu. Katika sauti ni kitu kikubwa, na sababu ni kwamba kasi ya sahani haibadilishi jambo moja bali matatu kwa pamoja. Hubadilisha kimo cha sauti, hubadilisha mwendo wa wimbo, na hubadilisha koo lenyewe. Hili la tatu ndilo linalosahauliwa. Irabu zetu hupata sura yake kutokana na urefu wa njia ya sauti, kutoka kooni hadi midomoni: takriban sentimita 17 kwa mwanamume mzima, na 14 hivi kwa mwanamke. Ukiiongeza kasi ya sahani, umemfupishia mwimbaji njia hiyo kwa kiasi kilekile. Sehemu nane katika mia si mbali na nusu ya tofauti iliyopo baina ya koo la mwanamume na la mwanamke. Ndiyo maana kanda yangu haikunipa Siti aliyepandisha sauti. Ilinipa mtu mwingine, mdogo kwa umbo na kwa umri, ambaye hakupata kuishi.

Hukumu yangu ya kwanza basi ilikuwa ni hukumu juu ya kipande cha ngozi.

Hapa ni haki kulijibu pingamizo moja. Wajuzi wa muziki watasema kuwa kasi haiharibu uhusiano wa sauti: ikiwa zote zimepanda kwa kipimo kimoja, makamu yatabaki makamu yaleyale, na robo toni zake zitabaki mahali pake. Ni kweli. Anayetaka kujua Siti aliimba katika makamu gani anaweza kuyajua hata kwa 84. Lakini hawezi kujua udi ulikazwa kiasi gani, wala mwimbaji alikuwa akiimba katikati ya uwezo wake au akijilazimisha juu ya uwezo huo. Tofauti ya 78 na 80 pekee, mizunguko miwili tu, inakaribia robo toni nzima. Na ala zetu hazina msaada katika hili. Udi, fidla na kanuni hukazwa kumfuata mwimbaji wa siku hiyo. Hakuna ufunguo wa piano wa kutuambia kimo kilipaswa kuwa wapi.

Kilichorudi na ambacho hakikurudi

Hukumu ya pili, ya haraka, ilihitaji masikio zaidi. Sahani ya inchi kumi hubeba kiasi cha dakika tatu kwa kila upande. Dakika tatu kwa mwendo wa 78 ni mizunguko 234. Mizunguko hiyohiyo kwa mwendo wa 84 hukamilika katika dakika mbili na sekunde 47. Sekunde 13 zilizopotea hazikukatwa mahali pamoja. Zilichotwa kidogo kidogo katika kila irabu iliyovutwa, katika kila kituo baina ya ukwapi na utao, katika kila pumzi.

Ushairi wetu wa mizani umejengwa juu ya silabi zinazoishia kwa irabu. Mwimbaji wa taarab hufanya kazi yake ndani ya irabu hizo: huichukua ile ya mwisho wa kipande, huivuta, huizungusha, kisha huituliza juu ya kina ili msikilizaji apate kukitambua kabla ya kipande kinachofuata. Kwa kanda yangu mtulizo huo haukuwapo. Kina kilisikika na kuondoka kama mgeni asiyekaribishwa kukaa. Kwa 78 nilisikia kwa mara ya kwanza pumzi ya Siti baina ya vipande viwili. Pumzi halisi, ya kuvuta hewa, ambayo kwa kasi ya mwanzo ilikuwa imezama katika mkwaruzo wa sahani. Nilisikia pia kuwa mizani ya mwisho haikumezwa. Iliachwa kwa makusudi ilegee, huku fidla ikiipokea na kuimalizia. Nilichokiita kosa la utamkaji kilikuwa ni mapatano baina ya mwimbaji na mpiga fidla.

Hata hivyo, si haraka yote iliyoondoka. Ilibaki haraka nyingine, na hii si ya ngozi. Wimbo ambao katika baraza au harusini ungeweza kuimbwa kwa muda mrefu, kwa utangulizi wa ala, kwa kurudia beti zinazopendwa, kwa kumsubiri anayetoka kwenda kutunza, katika santuri ulilazimika kuingia ndani ya dakika tatu. Utangulizi ukafupishwa. Marudio yakapunguzwa. Mtu anasikia, hata kwa kasi iliyo sahihi, kundi linalojua kuwa nafasi inakwisha. Kwa hivyo yeyote anayehukumu mtindo wa uimbaji wa zama zile kwa santuri peke yake anahukumu vitu vitatu vilivyochanganyika: mwimbaji, mashine iliyomrudisha kwetu, na ukubwa wa sahani iliyompokea. Mashine tunaweza kuirekebisha. Ukubwa wa sahani hatuwezi, lakini tunaweza kuutaja.

Hukumu yangu ya tatu, ya kwamba waliokuja baadaye ndio walioleta pumzi katika taarab, iliporomoka pamoja na hizi mbili. Waliokuja baadaye walipata utepe wa sumaku na redio, ambavyo havikuwabana kwa dakika tatu. Nililinganisha mtu aliyefungwa mkono na mtu aliyefunguliwa, kisha nikamsifu wa pili kwa ufundi wa kupunga mkono.

Kishawishi cha parafujo

Lingekuwa jambo jepesi kuishia hapa na kusema: tazameni, 78 ndiyo kweli. Lakini namba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Katika miaka ya mwanzo ya santuri kila kampuni ilikuwa na mazoea yake. Ziko sahani zilizotiwa sauti kwa mwendo wa 70 na kitu, na Pathé ya Ufaransa ilitoa nyingi zilizotaka 90 na zaidi. Columbia ya Uingereza iliandika 80 katika lebo zake nyingi za miaka ya 1920. Ni baada ya sauti kuanza kutiwa kwa njia ya umeme, mwaka 1925, ndipo 78 iliposhika nafasi ya kawaida. Na hata hapo, penye umeme wa mizunguko 50 ilimaanisha 77.92, na kwa Wamarekani wenye mizunguko 60 ilimaanisha 78.26. Mashine za kuchongea sahani zenyewe mara nyingi ziliendeshwa kwa uzito unaoteremka kama wa saa ya ukutani, zikiangaliwa na fundi aliyekuwa na joto, uchovu na safari ndefu. Alichokikusudia na alichokitenda vinaweza kutofautiana kwa mzunguko mmoja au miwili.

Basi mhakiki afanye nini? Nitakiri nilichofanya mimi. Fundi aliponiachia parafujo niijaribu mwenyewe, niliendelea kuikaza. Nikafika 76, nikafika 74. Kila nilipoteremsha, sauti ilizidi kuwa nzito na ya heshima, irabu zikazidi kutanda, huzuni ikazidi kina. Kwa 72 nilikuwa nimempata Siti ninayemtaka: bibi mkubwa wa historia, anayeimba taratibu kana kwamba anajua kuwa tutamsikiliza baada ya miaka themanini. Fundi alinitazama, akasema, "Huyo sasa umemtunga wewe."

Alikuwa na haki. Kosa la 84 lilikuwa la ngozi iliyochakaa. Kosa la 72 lingekuwa la mapenzi yangu, nalo ni baya zaidi kwa sababu lisingegunduliwa na mtu. Tunaowapenda wazee wetu tumezoea kuwapunguzia mwendo. Tunawataka wazito, watulivu, wasio na mzaha, ilhali Siti aliimba pia nyimbo za kuchekesha, za umbea wa mji na za kuwasuta wakubwa, ambazo zikizoroteshwa hufa. Ndipo nikaelewa kuwa hesabu ya karatasi na kidole ni sehemu ya uhakiki wenyewe. Hesabu haitupi ukweli wote, lakini inatuzuia tusijipe ukweli tunaoutamani.

Walikuwapo waliolijua jambo hili mapema. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, iliwafundisha wasafiri wake kupuliza filimbi ya kimo kinachojulikana mwanzoni mwa kila mche wa nta kabla ya kutia sauti za watu. Miche kama hiyo ilichukuliwa pia katika bara letu wakati wa utawala wa Wajerumani; Karl Weule alikuwa na fonografu yake kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906. Tunaweza kuwa na mengi ya kusema juu ya namna wasafiri hao walivyozichukua sauti za watu waliokuwa wakitawaliwa kwa nguvu, na katika mwaka wa Maji Maji hayo si madogo. Lakini filimbi ile ilikuwa ni jambo la uadilifu. Anayesikiliza baada ya miaka mia anaweza kuuzungusha mche mpaka filimbi ifike kimo chake, akajua kuwa na mwimbaji naye amefika chake. Santuri za biashara hazikupewa filimbi. Zilikusudiwa kuuzwa, na mnunuzi aliachiwa mkono wenye namba aupeleke atakako.

Desturi tunayoihitaji

Wahariri wa tenzi zetu wana desturi njema. Anayechapisha utenzi kutoka mswada wa hati ya Kiarabu hutueleza mswada ni upi, nani aliunakili, na mahali gani hati haikumwezesha kutofautisha irabu au konsonanti, akalazimika kuamua mwenyewe. Msomaji anayeikataa hukumu yake ana njia ya kurudi nyuma. Katika ushairi wa kuimbwa hatuna desturi hiyo. Tunaandika "katika santuri ya Siti tunasikia kwamba" kana kwamba sahani, mashine, kanda, diski na simu ni kitu kimoja.

Napendekeza mambo matatu, na wala hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, kila anayenakili sahani ya zamani aandike mwendo alioupima, si ule uliosomwa kwenye mshale, na aseme aliupima kwa njia gani. La pili, kila mhakiki anayejenga hoja juu ya kimo cha sauti, mwendo au utamkaji aseme alisikiliza nakala gani. Ikiwa hajui mwendo wake, basi hoja hiyo aiache, kama mhariri anavyoliacha neno lililoliwa na mchwa. La tatu linahusu programu za kompyuta zilizopo sasa, ambazo huweza kukishusha kimo bila ya kugusa mwendo, au kuuongeza mwendo bila ya kugusa kimo. Kwa mwenye disko ni neema. Kwa mwenye kuhifadhi ni hatari, kwa sababu katika sahani vitu hivyo vimefungamana. Ukivitenganisha unapata wimbo ambao haukuimbwa Bombay wala Unguja wala popote. Anayerekebisha na arekebishe vyote pamoja, kama parafujo inavyofanya.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na sifa za sauti yake tumezirithi kwa maneno kutoka kwa walioketi mbele yake. Walioketi hivyo wamekwisha karibu wote. Kilichobaki ni sahani, na sahani haimtoi mwimbaji mpaka izungushwe. Na kila anayeizungusha, atake asitake, anaamua mwimbaji huyo alikuwa nani.

Umeme uliporudi, nilinakili upya sahani ile kwa mwendo wa 78, nikaenda nayo kwa mzee aliyetikisa kichwa siku ile. Nilimwomba radhi kwanza. Alisikiliza upande mmoja bila ya kusema neno, mkono ameuweka sikioni, kisha akaniambia nirudie. Ulipokwisha mara ya pili nikamuuliza, "Mzee wangu, je, sasa ndiye?"

Akafikiri kidogo. "Sasa anakaribia," akasema.